Tangi linavuja na samaki wako ndani: cha kufanya mpaka upate jingine

Kioo huwa hakichagui muda mzuri wa kupasuka. Langu lilianza kutoa maji pembeni usiku, nikagundua nilipokanyaga zulia likalia chwaa, na kwa haraka yangu nikafanya kosa ambalo naona wengi wanalifanya, nilihangaika na samaki tu nikalisahau filta limezimwa pembeni mpaka kesho yake jioni. Samaki nilikuwa nao wazima, ila kilichokuwa kinawatunza kilikuwa kimeshaanza kuoza.

Anza na umeme. Chomoa hita, pampu, taa, kila kitu, kabla hujaingiza mkono kwenye maji. Hita ikiwa inawaka alafu maji yakashuka ikabaki nje inaweza kupasuka, kwa hiyo hata kama maji yanatoka tone tone we chomoa tu.

Chombo: ndoo, beseni, pipa, chochote cha plastiki safi kisichokuwa kimewahi kutumika na sabuni au dawa ya usafi, manake mabaki yanang'ang'ania kwenye plastiki hata usuuze vipi. Kikiwa kipana ni bora kuliko kirefu, kwa sababu oksijeni inaingilia juu ya maji, sasa ndoo ndefu iliyojaa mpaka juu unaona maji mengi lakini uso wa kupumulia ni mdogo. Vuta maji ya tangi kwa mpira uyaweke humo kwanza, alafu ndo ukamate samaki, na maji yakishapungua hata kuwakamata kunakuwa rahisi, hakuna kufukuzana na wavu nusu saa. Funika juu, wengi wanaruka wakiwa na hofu, ila acha upenyo wa hewa hasa kama una samaki aina ya beta au gurami maana hao wanavuta hewa ya juu. Wagomvi watenge. Weka giza kidogo, taulo juu inatosha, wanatulia.

Sasa hapa kwenye filta ndo nataka tukae. Samaki anatoa amonia, nyingi inatokea kwenye matamvua, na amonia inaua. Kwenye tangi lililokaa muda kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, alafu wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo haina shida sana ukibadilisha maji mara kwa mara. Watu wanadhani hao bakteria wako kwenye maji, ndo maana unaona mtu anabeba ndoo kumi za maji ya zamani kama dhahabu huku sponji ameianika juani! Wako kwenye sponji, kwenye vitu vya ndani ya filta, kwenye changarawe, wamejishika huko. Maji ya zamani yanasaidia kwa sababu samaki wameshazoea joto lake na hali yake, basi. Na hao bakteria wanahitaji oksijeni kama samaki, filta likisimama masaa kadhaa maji hayapiti wanaanza kufa.

Kwa hiyo filta lihamie kwenye beseni pamoja na samaki, na liwashwe. Kama ni kubwa haliingii, toa sponji uitumbukize hivyohivyo karibu na jiwe la hewa (kile kijiwe cha mwisho wa mrija wa pampu ya hewa kinachotoa mapovu), na changarawe kidogo iweke kwenye soksi ya nailoni mpya uininginize humo. Usioshe chochote kwa maji ya bomba, klorini imewekwa kuua bakteria na haitabagua wa kwako. Na kama filta lilikaa limezimwa limefungwa muda mrefu, usiliwashe kwenye samaki likatapika yale maji meusi yanayonuka, mwaga kwanza, suuza sponji kwenye maji ya tangi uliyochota pembeni, ndo urudishe.

Pampu ya hewa ikikosekana, chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu mara kwa mara, inachosha lakini inafanya kazi. Ukiona samaki wote wako juu wanahema, oksijeni imepungua au amonia imepanda, na vyovyote iwavyo jibu la haraka ni hewa na kubadilisha maji.

Chakula acha. Najua inauma ila samaki mkubwa mwenye afya anakaa siku kadhaa bila kula bila shida, na kila unachomlisha kinageuka amonia kwenye maji machache. Pima amonia na naitraiti kila siku, ikigusa 0.25 (miligramu kwa lita) kwa kipimo badilisha theluthi mpaka nusu ya maji, kama huna kipimo badilisha kila siku tu usisubiri dalili. Maji yenye pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya juu na joto amonia yake ni kali zaidi, wa pH 8 asijilinganishe na wa pH 6.5. Maji mapya yawe na joto linalokaribiana na ya kwenye beseni na uweke dawa ya kuondoa klorini, ile ya kuyaacha ndooni usiku kucha inasaidia kwa klorini ya kawaida lakini kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, haitoki hivyo.

Hita isiguse plastiki, inayeyusha. Ukishindwa, chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri ikielea humo inasaidia, we badilisha ikipoa.

Kuhusu tangi, kama kilichoachia ni gundi ya silikoni ya kwenye maungio unaweza kurudishia: kwangua ya zamani yote, mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani, tumia isiyo na dawa ya kuzuia ukungu na iache ikauke siku mbili tatu mpaka harufu ya siki iishe. Kioo chenyewe kikiwa na ufa, hasa cha chini, mi nanunua jingine. Jipya au la mtumba, lijaze maji ukae nalo siku nzima kabla ya samaki, mahali palipo sawa, na kumbuka lita 100 ni kilo 100 hujahesabu kioo na changarawe.

Filta la zamani linahamia kama lilivyo, hilo ndo linakuokoa na kusubiri wiki nne mpaka sita za kukuza bakteria upya. Usije ukaweka filta jipya ukatupa la zamani eti tangi jipya kila kitu kipya. Kama la zamani limekufa kabisa basi jiandae kupima na kubadilisha maji wiki zote hizo.

Siku ya kuhamisha, ongeza maji ya tangi kwenye beseni kikombe kimoja kimoja kama nusu saa, kamata samaki kwa wavu uwapeleke, maji ya beseni yamwage nje. Taa zima siku ya kwanza, kesho yake lisha kidogo sana, na endelea kupima wiki mbili maana amonia huwa inapanda kidogo hata ukifanya yote sawa.