Namna ya kumfundisha mtoto habari za Mwalimu Nyerere nyumbani, bila kumkaririsha tarehe

Muulize mtoto wa darasa la nne Baba wa Taifa ni nani, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize sasa alifanya nini. Utaambiwa "alileta uhuru", kisha kimya. Nafundisha shule ya msingi na majibu haya nayasikia kila Oktoba inapokaribia. Watoto wanajua alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922 na akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Katikati ya tarehe hizo hawamwoni mtu yeyote.

Darasa lililofurika haliwezi kuziba pengo hilo vizuri. Nyumbani inawezekana, maana nyumbani kuna bibi, kuna noti mezani, kuna udongo uani na kuna jioni. Shughuli zilizo hapa chini zinawafaa watoto wa miaka 6 hadi 13 hivi. Ukianza wiki ya kwanza ya Oktoba utamaliza siku ya kumbukumbu yake, Oktoba 14, ingawa likizo ya Desemba nayo inafaa sana.

Sharti langu ni moja: kila shughuli ibebe uamuzi ambao Mwalimu aliufanya. Mtoto ukimwambia "alikuwa mzalendo" hana cha kushika. Mwambie "aliacha kazi yenye mshahara" uone maswali yatakavyomiminika.

Andaa noti ya shilingi 1000, sarafu ya 200 au ya 500, penseli na karatasi, ramani ya Tanzania, uzi, maharage mabichi, kibuyu au bakuli, chaki, na simu inayorekodi sauti. Hakuna cha kwenda kununua.

Hatua ya 1: Anzia kwenye pochi

Weka noti na sarafu mezani. Kwenye noti ya 1000 yupo Mwalimu. Kwenye sarafu za 200 na 500 yupo Sheikh Abeid Amani Karume. Wadogo waweke karatasi juu ya sarafu na kuisugua kwa penseli iliyolazwa mpaka sura itokeze. Wakiwa wanasugua, uliza: "Hawa wawili waliwahi kufanya jambo gani pamoja?" Usijibu. Hata wakikusumbua, waambie jibu liko kwenye kibuyu, linakuja keshokutwa.

Hatua ya 2: Kikao cha familia cha mwaka 1955

Wasimulie kwa ufupi. Julius Kambarage Nyerere amerudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 akiwa na shahada, anafundisha shule ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Julai 7, 1954 chama cha TANU, cha kudai uhuru wa Tanganyika, kimezaliwa na yeye ndiye rais wake. Machi 1955 amesafiri mpaka New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Amerudi, na sasa lazima achague: ualimu au siasa. Ana mke, ana watoto wadogo.

Simama hapo. Gawa nafasi: mmoja Mwalimu, mmoja Mama Maria, mmoja mkuu wa shule, mmoja mwanachama wa TANU aliyekuja kubisha hodi usiku. Mpe "Mwalimu" maharage 20, huo ndio mshahara wa mwezi. Chakula kinachukua nane, nyumba tano, ndugu wa kijijini wanne, yanayobaki ya dharura. Kila mmoja aseme la kwake, kisha wapige kura ya siri kwenye vipande vya karatasi.

Watoto wengi hutaka afanye yote mawili: asubuhi afundishe, jioni awe mwanasiasa. Usiwacheke. Waulize nani atakwenda kuhutubia Mwanza siku ya Jumanne yenye vipindi. Waache wahangaike nalo mpaka mmoja akasirike. Ndipo uwaambie: aliandika barua ya kujiuzulu, na jina la Mwalimu likabaki naye hata baada ya kuiacha chaki. Anayeishi Dar es Salaam anaweza kuwapeleka Magomeni, kwenye nyumba aliyoishi enzi hizo, ambayo sasa ni makumbusho.

Hatua ya 3: Udongo

Wengi tumeiona picha ile: Mwalimu akimimina udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar kwenye chombo kimoja, Aprili 1964. Watoto wameiona kwenye vitabu na wamepita.

Fanyeni hivi. Tafuteni udongo wa sehemu mbili zenye maana kwenu, kwa mfano wa nyumbani kwa baba na wa nyumbani kwa mama. Kama ndugu wako mbali, chukueni wa uani na wa shuleni, ilimradi rangi zitofautiane. Kabla ya kuchanganya, watoto waketi pande mbili na kila upande uandike mambo mawili utakayoyaleta kwenye muungano na moja ambalo hautaki kulipoteza. Mabishano yatakuwa makali kuliko unavyotarajia. Nimeona upande mmoja ukigoma kabisa mpaka uhakikishiwe kwamba utabaki na kiongozi wake.

Hapo ndipo pa kueleza kwamba Hati za Muungano zilitiwa saini Aprili 22, 1964 na marais hao wawili walio mezani kwenu, Nyerere wa Tanganyika na Karume wa Zanzibar, kwamba Muungano ukaanza rasmi Aprili 26, na kwamba Zanzibar ilibaki na Rais wake na serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Halafu wachanganye udongo kwenye kibuyu. Mkubwa wao mwambie autenganishe tena. Dakika tano za kujaribu kwa kijiko zinatosha.

Wakiuliza kama wananchi waliulizwa kwanza, sema ukweli: hapakupigwa kura ya maoni, hati ziliridhiwa na Bunge la Tanganyika, na watu wazima wanajadili muundo wa Muungano mpaka leo. Mtoto wa miaka kumi anaweza kabisa kuishi na jibu la namna hiyo.

Hatua ya 4: Kutembea

Mwaka 1967 ni wa Azimio la Arusha, tamko la siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, lililotangazwa Februari 5. Oktoba mwaka huohuo Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kuliunga mkono. Alikuwa na miaka 45, tena Rais.

Kwenye ramani, watoto wafuatishe barabara kwa uzi kutoka Butiama, kupitia Bunda, mpaka Mwanza. Wanyooshe uzi huo kwenye kipimio cha ramani wapate kilomita. Kisha tokeni mtembee kilomita tatu au nne za kweli, mpumzike chini ya mti, na hesabu ifanyike palepale: tungehitaji siku ngapi kufika? Bebeni maji. Wadogo watalalamika miguu, na malalamiko hayo ni sehemu ya somo.

Hatua ya 5: Bibi au babu ahojiwe

Hii ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote, nayo ndiyo wazazi wanairuka kwa sababu bibi yuko mbali. Simu ipo. Piga.

Tafuta mtu aliyekuwa mtu mzima au kijana miaka ya 1970. Mtoto aandike maswali yake mwenyewe, wewe uongeze machache tu. Yanayofungua mdomo wa mzee ni madogo madogo: Shikamoo bibi, mlikuwa mnakula nini? Duka lilikuwa wapi? Uliwahi kumwona Mwalimu kwa macho yako? Ulijifunzia wapi kusoma? Na la lazima: bibi, ni jambo gani la wakati ule hukulipenda?

Hilo la mwisho ndilo linalomtoa Mwalimu kwenye picha ya ukutani. Bibi mmoja anaweza kukusimulia kwa furaha jinsi alivyojua kusoma akiwa na watoto watatu, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, na pumzi ileile akasimulia alivyohamishwa. Kati ya 1973 na 1976 kuishi kwenye vijiji vilivyopangwa na serikali kulikuwa amri, na mahali pengine watu waliondolewa kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa au kubomolewa. Wengine watakueleza mwanzo wa miaka ya 1980: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, duka la kaya, unga wa njano.

Usimkatize mzee ili kumtetea Mwalimu, wala usimchochee amseme. Rekodi, kwa ruhusa yake. Baadaye sikilizeni pamoja, na mtoto agawe karatasi pande mbili: bibi alishukuru nini, bibi aliumia nini. Akiuliza kwa nini mambo yaliharibika, mpe sababu bila kuzichuja: vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bei ya mafuta, ukame, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na sera za serikali yenyewe ambazo hazikuzaa kilichotarajiwa. Mkubwa wa darasa la saba atauliza ipi ilichangia zaidi. Mwambie wachumi nao bado wanabishana.

Hatua ya 6: Kuwinda nyufa

Machi 1995 Mwalimu alizungumza na waandishi wa habari hoteli ya Kilimanjaro, akaifananisha nchi na nyumba iliyopata nyufa. Alizitaja, miongoni mwake rushwa, ukabila na udini. Sauti ipo mtandaoni na redio huirusha. Wasikilizishe dakika tatu, nne. Saa nzima itawaua.

Kisha wape chaki wazunguke nyumba wakiweka alama kila penye ufa. Kila aliyeupata aseme: unatoka wapi, nani angeugundua, ukiachwa utafika wapi. Ndipo mhamie kwenye nyufa zake. "Shuleni kwenu kuna anayebaguliwa kwa kabila au dini?" Jiandae, maana majibu mengine yatakuhusu wewe na maneno unayoyasema mbele yao.

Hatua ya 7: Kuachia kiti

Mwanzoni mwa wiki mchague mtoto mmoja awe mwenyekiti wa shughuli. Ndiye anayegawa kazi, ndiye anayeshika rimoti. Katikati ya wiki, wakati ameanza kunogewa, mwombe ang'atuke na ampishe mdogo wake. Mwalimu alikabidhi urais kwa Ali Hassan Mwinyi Novemba 1985 baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kuongoza. Maelezo yatamwingia vizuri zaidi anayetoka kwenye kiti akiwa amenuna.

Jioni hiyo chezeni bao, mchezo alioupenda. La Kiswahili lenyewe, lenye kete 22 mkononi kwa kila mchezaji na kunamua, yaani kuziingiza kete hizo ubaoni moja moja, ni gumu kwa wanaoanza. Tumieni bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, mashimo 32, anzeni.

Hatua ya 8: Majina ya barabarani

Mtoto anayejua jina moja tu atadhani mtu mmoja alijenga nchi. Dar es Salaam inasaidia: ukipanda daladala utasoma Bibi Titi Mohamed, Kawawa, Sokoine, Lumumba, Nkrumah, Samora, Mandela. Kila mtoto achague jina moja, atafute lilikuwa la nani na alihusiana vipi na Mwalimu. Bibi Titi anawapendeza zaidi wasichana: mwimbaji wa vikundi vya ngoma vya wanawake wa mjini aliyewaleta maelfu ya akina mama TANU. Mikoani kuna majina ya shule, viwanja na zahanati.

Walio Kenya wana Siku ya Mashujaa, Oktoba 20, na mtu wa kuanza naye kwa vitendo ni Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira. Chimbeni shimo, pandeni mche, mtoto aumwagilie mwaka mzima, huku mkimsimulia ubishi wake wa mwaka 1989 wa kuzuia jengo refu lisijengwe Uhuru Park.

Tarehe 14 Oktoba

Asubuhi, Mwenge wa Uhuru unapohitimisha mbio zake na runinga inaonesha sherehe, tundikeni kazi zote sebuleni: sura za sarafu, karatasi za kura, uzi wa Butiama hadi Mwanza, kibuyu, karatasi ya pande mbili ya bibi. Watoto ndio waongozaji, wageni ni majirani. Wewe kaa kimya. Mtu mzima akianza kuhutubia, watoto hugeuka mapambo.

Maswali watakayokuuliza

"Alikuwa tajiri?" Rais mwenyewe alibanwa na masharti ya uongozi ya Azimio, yaliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha.

"Alikuwa mtakatifu?" Kanisa Katoliki lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, na haujakamilika. Kama familia yenu si ya Kikatoliki, lieleze kama habari tu.

"Aliwafunga watu?" Hili huja kutoka kwa mtoto aliyesoma vizuri Hatua ya 8. Jibu ni ndiyo. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa mwaka 1962, Kawawa akiwa Waziri Mkuu na Mwalimu akiongoza TANU, nayo ilitumika Mwalimu alipokuwa Rais. Na Bibi Titi huyohuyo wa barabarani alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo, kisha akaachiwa mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais. Mpe mtoto karatasi, arudi kwenye vipande vya kura vya Hatua ya 2, aandike anachofikiri sasa.