Kupunguza hatari ya saratani kuanzia ghalani, jikoni na kliniki

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuilika. Zinazobaki hutokana na umri, urithi na mabadiliko ya chembe za mwili ambayo hakuna awezaye kuyadhibiti, na kwa sababu hiyo mgonjwa asihukumiwe kwamba amejitakia. Nimezipanga hatua za somo hili kwa kuangalia saratani zinazotusumbua sana Afrika Mashariki, hasa za mlango wa kizazi, umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) na ini, kwa kuwa orodha nyingi zinazosambazwa kwenye simu ziliandikwa kwa ajili ya watu wasiohifadhi mahindi yao wenyewe wala kuoga bwawani.

Hatua ya kwanza ni kuachana na tumbaku ya kila namna. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 70 zinazojulikana kusababisha saratani, na madhara yake hayaishii kwenye mapafu, bali hufika kinywani, kwenye koo, umio, kongosho na kibofu cha mkojo. Ugoro na kuberi havina moshi, lakini vinasababisha saratani ya kinywa, na wale wa Pwani wanaotafuna tambuu wafahamu kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku ndani yake, imethibitishwa kusababisha saratani.

Hatua ya pili inahusu ghala, na hapa nitakaa kidogo. Mahindi na karanga zisizokauka vizuri huota kuvu wanaotoa sumukuvu, ambayo hushambulia ini, na mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B huwa katika hatari kubwa zaidi kuliko mwenye tatizo moja kati ya hayo mawili. Sumu hiyo ikiwa nyingi huua upesi, kama ilivyotokea Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, ambako watu zaidi ya 100 walifariki, na kama ilivyotokea Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, haionekani wala haina ladha, ila ini linaendelea kuumia.

Vuna mapema mara mahindi yakikomaa, usiyaache shambani yanyeshewe. Yaanike juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo mtupu, kwa kuwa kuvu hao wanaishi udongoni. Ili kujua kama yamekauka, weka konzi chache za mahindi ndani ya chupa kavu ya kioo pamoja na vijiko kadhaa vya chumvi kavu, tikisa kwa nguvu, kisha acha kwa robo saa. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, unyevu bado ni mwingi. Hata isipogandia, ongeza siku nyingine za jua, maana kipimo hiki hushika unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, ilhali kwa kuhifadhi tunataka usizidi asilimia 13. Baada ya hapo chambua, utupe punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, kisha uhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga.

Hatua ya tatu ni chanjo na uchunguzi. Watoto hupewa chanjo ya homa ya ini B ndani ya chanjo ya pamoja wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Usikose hata moja. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya papiloma, ambavyo vina chanjo: Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 utaratibu ukawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Mwanamke aliyefikisha miaka 30 aende kuchunguzwa hata kama hana dalili yoyote, na anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze akiwa na miaka 25. Katika vituo vingi mhudumu hupaka siki maalumu na kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka kuwa nyeupe. Ni kazi ya dakika chache, na mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani.

Hatua ya nne ni mezani. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani walieleza kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Tatizo ni joto, wala si chai au kahawa. Pombe, iwe ya kiwandani, mbege au gongo, inahusishwa na saratani ya kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti, na kila unapopunguza unapata faida. Gramu 50 za soseji au nyama nyingine ya kusindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Nyama choma ya mara moja moja hainitii wasiwasi, ila sehemu zilizoungua hadi kuwa nyeusi zikatwe. Maharage, mchicha, matembele na matunda yawe chakula cha kila siku.

Hatua ya tano nitaipitia haraka. Tembea au fanya kazi ya kukutoa jasho angalau dakika 150 kwa wiki, na uchunge uzito, hasa baada ya kukoma hedhi. Anayekoga au kulima kwenye maji yenye kichocho apime mkojo na atumie dawa, kwa kuwa kichocho cha mkojo kikikaa miaka mingi huleta saratani ya kibofu. Ndugu zetu wenye ualbino wavae kofia pana na mikono mirefu, na wapake mafuta ya kukinga jua.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Mahindi yenye kuvu nikiyaosha na kuyapika sana, sumu haitoki? Na kama haitoki, naweza kuwapa ng'ombe?

Jibu: Marahaba. Moto wa jikoni hauiondoi. Kukoboa hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa kwa sababu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, ndiyo maana nasema dona ni bora kuliko sembe pale tu mahindi yanapokuwa safi. Ng'ombe usimpe, wala pumba za mahindi hayo usimpe, kwa kuwa sumu hupita ikatokea kwenye maziwa mtakayowapa watoto. Mahindi hayo yafukie.

Swali: Mume wangu anasema chai isiyounguza si chai. Nitajuaje nyuzi 65 bila kipimo?

Jibu: Mmiminie kikombeni mapema, uache wazi dakika kadhaa huku ukiandaa vitafunwa. Akilazimika kupuliza na kufyonza, bado ni ya moto mno.

Swali: Nimevuta sigara miaka 20. Kuna faida gani ya kuacha sasa?

Jibu: Kubwa sana. Miaka 10 baada ya kuacha, hatari ya saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta.

Swali: Binti yangu alichanjwa shuleni. Shangazi zake wanasema hatazaa. Je, ni kweli, na akiwa mkubwa atahitaji kuchunguzwa?

Jibu: Chanjo hiyo haiharibu uzazi, saratani yenyewe na matibabu yake ndivyo huweza kuuharibu. Uchunguzi ataendelea kuuhitaji, kwa sababu chanjo haizuii aina zote za virusi hivyo.

Swali: Mama ana uvimbe kwenye titi tangu mwezi wa Ramadhani, anakunywa majani ya mstafeli. Tuendelee nayo?

Jibu: Hapana. Majani hayo hayajathibitishwa kutibu saratani kwa binadamu, na huko Guadeloupe, visiwa vya Karibi, ulaji mwingi wa stafeli umehusishwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na kutetemeka kwa wazee. Uvimbe wa titi huchukuliwa kipande na kupimwa maabara, na siyo kila uvimbe ni saratani. Mpelekeni hospitali ya mkoa wiki hii, mkaombe rufaa ikihitajika, na mama amweleze daktari kila anachokunywa bila kuona haya.