Kabla hujahamishia jiko kwenye Yaka: mambo ya kuzingatia

Umeme wa nyumbani hapa Uganda, ule wa mita ya Yaka unaolipia kabla ya kutumia, hauna bei moja. Bei hubadilika kadiri unavyonunua ndani ya mwezi, kisha hubadilika tena kila robo ya mwaka. Watu wengi wamesikia kipande kimoja tu cha habari hii, kwamba kuna "bei ya kupikia" ya shilingi 412, wakaenda soko la Kikuubo, Kampala, kununua sufuria ya presha ya umeme na kumpa jirani sigiri, jiko lao la makaa. Subiri kwanza. Bei hiyo ipo na ni nzuri, lakini haimfikii kila mtu.

Jua ngazi zenyewe. Kwa bei zilizotangazwa Aprili 2025, UEDCL, shirika la serikali, ilipopokea usambazaji wa umeme kutoka kwa kampuni iitwayo Umeme, yuniti 15 za mwanzo wa mwezi ni shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 unalipa kama 756. Kuanzia ya 81 hadi ya 150 ndipo inapokuja ile 412. Ukivuka 150 unarudi kwenye 756. Juu ya yote hayo weka kodi ya VAT ya asilimia 18, na ada ya huduma ya mwezi. Serikali ina sababu ya kuweka punguzo pale katikati: bwawa la umeme la Bujagali lina uwezo wa megawati 250, la Isimba 183, la Karuma 600, na umeme mwingi umekuwa ukikosa mtumiaji huku misitu ikiishia kwenye magunia ya makaa. Wanataka tupikie umeme. Ila mlango wa punguzo uko kwenye yuniti ya 81, na hapo ndipo hesabu ya kila nyumba inapotofautiana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufungua simu na kutafuta ujumbe wa tokeni wa miezi mitatu iliyopita. Jumlisha yuniti za kila mwezi. Usikisie, jumlisha.

Tuseme nyumba yako inatumia yuniti 30: taa, televisheni, simu, pasi mara mojamoja. Ukianza kupika utaongeza, tuseme, 40, ufike 70. Hizo 40 zote umezinunua kwa 756, yaani shilingi 30,240 kabla ya VAT, na bei ya kupikia hukuigusa hata kidogo. Sasa chukua nyumba ya pili yenye friji na watoto wengi, inayotumia tayari 75. Ikiongeza 60 za kupikia inafika 135, na nyongeza yake ni shilingi 26,440. Imepika zaidi, imelipa kidogo. Hakuna ujanja hapo, ni ngazi tu. Mwenye matumizi madogo ndiye anayebeba sehemu ya mlima, na inaniuma kwa sababu mara nyingi huyo ndiye mwenye kipato kidogo. Nyumba yako ikiwa ya aina ya kwanza, kupikia umeme kunaweza bado kukufaa, lakini pima kwa 756, usipime kwa 412.

Upande wa pili wa mizani weka makaa unayonunua kweli. Anayenunua kwa kopo kila jioni analipa zaidi ya anayenunua gunia, na mara nyingi hajawahi kuandika jumla yake. Andika kwa mwezi mzima.

Angalia pia unapika nini. Sufuria ya presha ya wati 1,000 ikivuta umeme saa nzima bila kukatika ni yuniti moja, na kwa kawaida hukata yenyewe presha ikishapanda, ndiyo maana kwa maharage haina mpinzani. Jiko la sahani ni jambo jingine kabisa: matoke ya kufunika kwa majani na kuacha yaive taratibu nusu siku juu ya sahani ya umeme yatakula yuniti mpaka ushangae. Na shawa ya umeme ya kuogea, kwa kila dakika inayowaka, hula zaidi ya sufuria ya presha.

Waya: mwite fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme, akague kabla hujachomeka.

Kukatika kwa umeme: usigawe sigiri.

Sasa jambo ambalo nimeona likivunja ujirani. Swali lenyewe ni fupi: mita ni yako peke yako? Kama unaishi kwenye vyumba vya kupanga vya mstari na mnatumia mita moja, soma hapa polepole.

Ngazi zinahesabiwa kwa mita. Haziangalii mtu wala chumba. Yuniti 15 za shilingi 250 ni 15 za mita nzima, hata mkiwa vyumba vinne. Nilishuhudia hili Kireka, karibu na Kampala, kwenye vyumba vinne ambavyo wapangaji walinunua Yaka kwa zamu. Zamu ya kila mtu ilikuwa shilingi 20,000, na kila mtu aliona ni haki, kwa kuwa pesa ni sawa. Mama mmoja wa chumba cha mwisho alinunua sufuria ya presha. Alikuwa na watoto wanne, maharage karibu kila siku, na makaa yalikuwa yamemchosha. Mwezi huohuo ugomvi ukaanza.

Kijana wa chumba cha pili alinunua kwa zamu yake katikati ya mwezi, mita ikaleta yuniti kama 41. Baada ya siku chache ikaja zamu ya dada wa chumba cha kwanza. Pesa ileile, 20,000, mita ikaleta 22 na ushei. Dada akasema ameibiwa. Kijana akasema labda dada alituma pesa pungufu. Kisha wote wakageuka kumtazama mama mwenye sufuria, kwa sababu ndicho kitu kipya kwenye ua. Wakasema mashine yake "inanyonya mpaka kwenye tokeni". Mwenye nyumba alipoitwa hakusikiliza hata dakika tano. Akaamuru waya wa chumba cha mama ukatwe mpaka "aondoe hicho kitu". Mama alikaa gizani na watoto kwa siku kadhaa, kisha akaifunga sufuria kwenye boksi lake na kurudi kwenye makaa.

Na jibu lilikuwa kwenye simu zao muda wote. Tulipoweka simu zote nne juu ya benchi na kupanga ujumbe wa tokeni kwa tarehe, ilionekana waziwazi: kijana alinunua mita ikiwa ndani ya bei ya kupikia, dada alinunua mita ikiwa imeshavuka 150 na kurudi 756. Hakuna aliyeiba. Mama hakunyonya tokeni ya mtu. Kweli matumizi yake yalipanda, na hilo lilistahili kuzungumzwa, lakini mzigo wa bei ya mwisho wa mwezi ulimwangukia yule ambaye zamu yake ilichelewa. Mwezi unaofuata ungeweza kumwangukia mwingine.

Kwa hiyo kama mnashirikiana mita, kabla mtu yeyote hajaleta jiko la umeme, kaeni chini. Fungeni mita ndogo ya kusoma kwenye kila chumba. Mtu mmoja anunue kwa niaba ya wote, mwisho wa mwezi mjumlishe pesa yote iliyotumika, mgawe kwa yuniti zote, na kila mtu alipe yuniti zake kwa bei hiyo ya wastani. Andikeni kwenye daftari moja ambalo kila mtu analiona. Msiponunua kwa mtindo huo, zamu za pesa sawa zitawagombanisha, sufuria iwepo au isiwepo.

Kuna namna nyingine ya mita ya pamoja, ile ambayo mwenye nyumba ameshafunga mita ndogo na anakuuzia kila yuniti kwa bei moja aliyoipanga yeye. Hapo ngazi zote zimeishia kwake. Bei ya kupikia iwe 412 au 300, wewe unalipa ileile. Muulize bei yake, fanya hesabu kwa hiyo, na kama inawezekana omba mita yako mwenyewe.

Usidanganywe kuhusu usiku. Wapo wanaoamka saa tisa usiku kupiga pasi na kuchemsha maji wakiamini umeme ni nafuu wakati huo. Bei za saa zipo kweli, lakini ni za biashara na viwanda vyenye mita maalumu: saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku ni ghali, saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni nafuu, mchana ni kati. Mwenye tanuri la mikate anayeoka usiku anafaidika sana, aulizie. Mita ya Yaka ya nyumbani haijali saa. Lala.

Na usifanye uamuzi wa mwaka mzima kwa bei ya leo. ERA hupitia bei kila robo, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, ikiangalia thamani ya shilingi dhidi ya dola, mfumuko wa bei na bei ya mafuta. Punguzo la kupikia ni uamuzi wa sera, na sera hubadilika. Kama sufuria unainunua kwa mkopo, hakikisha hesabu yako bado inasimama hata ile 412 ikipanda.

Mengine unayajua lakini nayataja. Usiunganishe jiko kwenye ekstensheni moja na friji. Sufuria ya presha isifunguliwe kwa nguvu, na watoto wasiachiwe. Tokeni nunua mwenyewe kwa simu yako, usimpe pesa kijana wa mtaani anayesema ana yuniti za bei rahisi. Ujumbe wa tokeni usiufute. Mita ikikataa namba, piga picha ya kioo chake kabla hujaita mtu, na asiifungue yeyote asiyekuonyesha kitambulisho. Na fundi akikuambia anaweza kupitisha waya nje ya mita ili upike bure, mtoe nje ya ua wako siku hiyohiyo.