Utafiti wa hisabati wa kiangazi wenye posho: anza na swali, fomu baadaye

Kila mwaka masomo yakishika kasi napata ujumbe uleule kutoka kwa wanafunzi wa mwaka wa pili: "Mwalimu, naomba linki ya zile nafasi za utafiti nje." Linki ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Wengi huangushwa na ukurasa mmoja wa maelezo, na barua ya mapendekezo ya mhadhiri asiyewakumbuka.

Hatua ya 1: Jua mlango ulio wazi kwako

Marekani kuna REU (Research Experiences for Undergraduates), mpango wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wa National Science Foundation, wakala wa serikali unaofadhili sayansi, ulioanza mwaka 1987. Posho ni nzuri, lakini fedha hizo za serikali ni za raia na wakazi wa kudumu. Uingereza, London Mathematical Society, chama cha wanahisabati, hufadhili utafiti wa wiki 6 hadi 8, ila anayeomba ni msimamizi, na mwanafunzi awe anasoma chuo cha hukohuko. Kama unasoma Dar es Salaam, Dodoma au Eldoret, usipoteze usiku wako hapo. Tazama taasisi mbili za utafiti: ISTA iliyoko Klosterneuburg, jirani na Vienna, Austria, au OIST ya Okinawa, Japani. Hizo hupokea wa mataifa yote, husaidia nauli na hutoa malazi. Soma tangazo la mwaka huu, si lile ulilotumiwa na kaka yako aliyeomba mwaka juzi.

Hatua ya 2: Tafuta swali dogo

Hapa ndipo pa kutumia muda. "Napenda nadharia ya namba" si swali. Swali ni kitu unachoweza kuanza kukijaribu leo kwa kalamu.

Mfano ninaoupenda unatoka kwenye mchezo wa bao. Toa nyumba, toa kula, toa kulala. Bakisha kutakata tu, yaani kugawa kete bila kula, kwenye mashimo yaliyopangwa kwa duara. Chota kete zote za shimo moja, gawa moja moja mbele. Pale ya mwisho ilipoangukia, chota zote zilizomo, hata kama ni hiyo moja peke yake, uendelee.

Jaribu na mashimo 2 na kete 3: kushoto 2, kulia 1. Chota za kushoto: kushoto sasa ni 1, kulia 2. Kete ya mwisho imeangukia kushoto, kwa hiyo chota hiyo moja: kushoto 0, kulia 3. Chota hizo 3: kushoto 2, kulia 1. Umerudi ulikoanza kwa hatua 3.

Je, hurudi siku zote? Ndiyo: kila hatua unaweza kuirudisha nyuma kwa njia moja tu, na mipangilio ina idadi yenye kikomo. Lakini baada ya hatua ngapi, mashimo yakiwa *n* na kete *k*? Hilo sasa ni swali la kujaza wiki 8, na hata likikataa kufunguka lote, utakuwa na majedwali ya kuonyesha.

Hatua ya 3: Andika ukurasa mmoja

Eleza swali, ulichokwisha kujaribu, na ulipokwama. Pa kukwama usipafiche. Ndipo msomaji anapoona kwamba umefanya kazi kweli. Sifa za "tangu utotoni nimeipenda hisabati" futa zote.

Hatua ya 4: Mfuate mhadhiri mapema

Mwezi mzima kabla, si usiku wa mwisho. Nenda ofisini kwake na transkripti, ukurasa wako na karatasi ya mtihani au zoezi alilokusahihishia mwenyewe. Mimi nikikumbushwa uthibitisho mmoja ambao mwanafunzi aliuandika vizuri, barua hujiandika. Nikipewa jina na namba ya usajili tu, naandika mistari minne baridi, na walioko kule wanaielewa maana yake.

Hatua ya 5: Tarehe na viza

Kiangazi chao, Juni hadi Agosti, ni kipupwe chetu, na mara nyingi hugongana na mafunzo kwa vitendo. Ongea na idara kabla ya kukubali nafasi. Ukienda Austria, viza ya Schengen (ya nchi nyingi za Ulaya) huombwa hadi miezi 6 kabla ya safari, na pasipoti iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko. Ukipewa wiki 12, hizo ni siku 84, na viza ya muda mfupi haizidi siku 90. Ukitaka kutalii, una siku 6.