Chora kwanza, tebo baadaye: mchoro wa ER kwa duka la leso

Haya jamaa, wengi mmeniuliza hii michoro ya ER (entity-relationship, picha ya vitu vya databesi na uhusiano wake kabla hujaijenga) huchorwa vipi, basi ntawaonyesha kwa duka la leso la Biashara Street, Mombasa, duka la mfano tu lakini biashara yenyewe mnaijua. Databesi za tebo, yaani data kwenye majedwali, ni wazo la Edgar Codd, 1970, na michoro hii akaileta Peter Chen 1976. Historia imetosha.

Hatua 1. Kompyuta usiiguse. Kaa na mwenye duka, mwache aeleze anavyouza, we andika vitu anavyovitaja kila saa: mteja, leso, oda, malipo. Hivyo ndo viboksi vyako. Ila leso muulize vizuri, maana jina moja hutoka kwa rangi kadhaa na stoku yeye huhesabu kwa rangi, kwa hivyo hapo viko viboksi viwili: DIZAINI, yenye jina na bei, na LESO, yaani dizaini fulani ya rangi fulani, imebaki pea ngapi.

Hatua 2. Kila kiboksi kitakuwa tebo, kipe ufunguo mkuu, yaani kolamu isiyojirudia ya kutambua kila safu. Namba inayojiongeza yenyewe yatosha.

Hatua 3. Hapa ndo penye kazi. Unganisha viboksi vinavyohusiana kwa mistari, na kila mstari uulize mara mbili, huku na huku. Mteja mmoja aweza kuwa na oda ngapi? Nyingi. Oda moja ni ya wateja wangapi? Mmoja. Basi upande wa oda chora mguu wa kunguru, alama ya vidole vitatu ya "wengi" (na kunguru hapa town hatuna uhaba nao), upande wa mteja kijistari cha "mmoja". Ufunguo wa kigeni, yaani kolamu inayobeba ufunguo mkuu wa tebo nyingine, hukaa upande wa wengi, kwa hivyo mteja_id iko ndani ya ODA. Na kama mteja aweza kuandikishwa kabla hajanunua chochote, ongeza kiduara upande wa oda, maana yake zaweza kuwa sufuri.

Sasa oda na leso. Mama mwenye harusi anaagiza aina sita kwa mpigo, na leso ileile imo kwenye oda za watu kibao, yaani wengi kwa wengi, na hapa ndo watu hutumbukiza kolamu leso1, leso2, leso3 mpaka leso6 halafu anakuja mwenye kutaka saba. Usifanye hivo. Weka tebo ya kati, ODA_LESO: oda_id, leso_id, pea, bei. Ndio, bei, hata kama iko kwenye DIZAINI. Ile ni bei ya leo, hii ni bei aliyouziwa siku ile. Bila hii, ukipandisha bei karibu na Idi jumla za risiti zote za nyuma zinabadilika, na mwenye duka atakuona mwizi.

Hatua 4. Rudi kwa mwenye duka umsomee mistari kwa sauti, "oda moja yaweza kulipwa mara nyingi, sivyo?" Akikubali ndo uandike CREATE TABLE, amri ya kuunda tebo. Mchoro uweke pamoja na kodi ya programu, na tebo ikibadilika mchoro nao ubadilishwe siku hiyohiyo.

MASWALI

– Maalim, kwani namba ya simu haiwezi kuwa ufunguo mkuu?
Mama na bintiye hutumia simu moja, na mtu akibadilisha laini utahangaika na kila tebo. Iwe kolamu ya kawaida, tena ya maandishi, ukiiweka kama namba ile sufuri ya mbele inapotea.

– Wateja wangu hulipa kidogo kidogo, nusu M-Pesa nusu keshi. Niweke kolamu ya "amelipa"?
La, ndo maana MALIPO ni kiboksi chake, oda moja malipo mengi. Namba ya muamala isijirudie, na kwa keshi iache NULL, yaani bila thamani yoyote. MySQL, programu ya databesi, itakubali NULL nyingi, lakini ukiweka maandishi yasiyo na herufi hata moja, keshi ya pili tu itagoma.

– Chuo twafundishwa almasi na mayai, mbona we huna?
Hiyo ni ya Chen, almasi ni uhusiano, yai ni sifa. Mtihani chora hivo hivo dada yangu, usije ukanitaja. Mie huona karatasi inajaa haraka.

– Nimeachiwa databesi ya tebo arubaini, mchoro hakuna.
Fungua MySQL Workbench, programu ya kusimamia na kuchora databesi za MySQL, menyu ya Database, bonyeza Reverse Engineer, itakuchorea. Ila mistari huitoa kwa funguo za kigeni zilizotangazwa, kama aliyejenga hakuzitangaza utapata viboksi vinaelea tu, hapo anza kufuata kolamu zinazoishia na _id moja moja, na mtafute huyo jamaa kama bado ashika simu.