Kwenda Kuvua Sambaza Usiku Ziwani Kivu Wakati wa Kiangazi

Mtu wa Bukavu, mji wa Kongo ulio kusini mwa ziwa, anayetaka kukodi nafasi kwa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, huanza mara nyingi kwa kuuliza bei, ilhali jambo la kwanza la kuuliza ni mwezi wa angani. Sambaza huvuliwa kwa taa: mwanga huvuta vidudu vidogo vya majini, samaki hufuata chakula hicho, kisha wavu uliokuwa umeshushwa hupandishwa wakiwa wamekusanyika juu yake. Mwezi mpevu ukiangaza ziwa lote, taa hupoteza nguvu, samaki hutawanyika, na wavuvi wengi hulala nyumbani. Chagua basi siku za karibu na mwezi mwandamo. Ukizikosa, kumbuka kwamba mwezi wa nusu ya kwanza huzama karibu na saa sita ya usiku, kwa hiyo kazi nzuri huja baadaye, kuelekea alfajiri. Na wiki moja baada ya kuwa mpevu, mwezi huchomoza karibu na saa hiyo hiyo, hivyo inafaa uvue mapema. Mimi niliwahi kulipia safari nzima siku mbili kabla ya mwezi mpevu, kwa sababu tu siku hiyo nilikuwa na nafasi, na samaki wote tuliorudi nao hawakufika nusu ya beseni.

Baada ya mwezi, tazama upepo. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hupungua sana na upepo wa kusini hushika ziwa, ukikoroga maji ya juu na kupandisha virutubisho vinavyolisha vidudu, navyo vidudu hulisha sambaza. Ziwa Kivu lina kina cha mita zaidi ya 480, lakini chini ya mita 60 au 70 hivi maji hayana hewa ya oksijeni, na samaki hawawezi kuishi huko. Kwa hiyo anayekusifia wavu wake kwamba unafika mbali sana chini hakuongezei kitu. Upepo huo unaoleta chakula ndio pia unaoleta mawimbi, ambayo hukua kadiri yanavyosafiri kuelekea Goma, mji wa kaskazini, wakati ghuba za Bukavu zimekingwa zaidi na rasi zake. Ukiona mawimbi yanatoa povu jeupe kabla jua halijazama, ahirisha, hata kama umekwisha kulipa.

Chombo chenyewe ni mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Usikitazame kwa mbali. Nenda mchana, ushike kwa mkono kamba zinazofunga miti kwenye mitumbwi, kwa maana fundo lililolegea halionekani gizani. Mwulize kapita, yaani kiongozi wa ekipe ya wavuvi, kwa heshima, akuonyeshe wavu pia. Ukikuta ni chandarua cha mbu kilichoshonwa, tafuta ekipe nyingine: wavu huo hukamata hata vifaranga vya samaki, na ziwa haliwezi kuvumilia hasara hiyo kila usiku. Uliza vilevile kama uvuvi wa usiku umeruhusiwa wakati huo na kama ziwa halijafungwa ili samaki wazaliane. Mpaka wa Rwanda unapita majini bila alama ya kuonekana, nawe unamtegemea kapita asiuvuke.

Jile ya kuokoa maisha ivaliwe kabla ya kupanda, isikaliwe kama mto. Mashua iitwayo Merdi ilizama tarehe 3 Oktoba 2024 karibu kabisa na bandari ya Kituku, mjini Goma, na watu wengi walikufa majini huku nchi kavu ikiwa inaonekana. Anayesubiri mtumbwi upande wa Goma asikae wala kulala kwenye mabonde madogo ya ufukoni, kwa sababu mazuku, ile gesi ya kaboni inayotoka ardhini, ni nzito kuliko hewa na hutulia humo, nayo huua bila harufu ya kuonya.

Wavu unapopanda, kwanza utaona maji yakitetemeka chini ya taa, halafu fedha tupu, na sauti kama ya maharage yanayomwagwa juu ya bati. Sambaza hao wazee wao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuni humo unaweza kukuta pia samaki aitwaye lambula, mwenye madoa ya buluu yanayong'aa, naye pia wa Tanganyika, aliyeonekana Kivu kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Huyo hupatikana zaidi kando ya miamba kwa nyavu za kutega. Anayependa tilapia na abaki karibu na ufuko, na ndoano yake, mchana.

Mpatane kabla ya kuondoka ni kiasi gani cha samaki kitakuwa chako. Beba koti zito, maana usiku wa Julai kwenye ziwa lililo mita 1,460 juu ya bahari ni baridi kweli. Ukifika nchi kavu, usiwaache sambaza wakirundikana ndani ya ndoo, kwa sababu matumbo yao hulainika na kupasuka upesi. Watandaze, watie chumvi, na wawe kwenye mafuta ya moto kabla jua halijapanda.