Ukichimba sarafu bustanini, usiache shimo

Kwa mlioko Marekani mnaozunguka na detekta ya metali (mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa) kwenye bustani za umma: kabla ya yote, ulizeni kanuni za mji wenu. Kwingine ni ruksa, kwingine mpaka kibali, na kwenye hifadhi za taifa ni marufuku kabisa.

Mashine ikilia, usifukue duara zima. Kata nyasi pande tatu tu, kama herufi U, kina cha kiganja, ule upande wa nne uache umeshikilia mizizi. Funua kama kifuniko, udongo uumwage juu ya kitambaa (mimi natumia taulo kuukuu), toa mali yako, rudisha udongo wote, funika, kanyaga. Siku mbili tatu baadaye hutajua palichimbwa. Kiangazi kikali nyasi zikishakauka, acha kabisa. Zitakufa hata ukate vizuri namna gani.

Pita kwanza chini ya miti mikubwa, watu walipokuwa wakikaa kivulini na sarafu zikiwadondoka mifukoni. Mashine italia hata kwa vishikio vya makopo ya soda, vitakudanganya sana, zoea tu.

Ukipata senti 10 au robo dola ya 1964 kurudi nyuma, hiyo ni madini ya fedha asilimia 90. Tafadhali usiisugue! Hata kwa kidole, mchanga unaichubua na bei inashuka. Suuza kwa maji, iache ikauke yenyewe.